Nailoni ya Makande

Enzi zetu pale Nangara, mpira haukununuliwa, ulitengenezwa. Wenzangu mliokulia Babati mnanielewa: unaokota mifuko ya nailoni, unaibananisha mpaka inakuwa migumu kama kichwa cha mbuzi, unazungushia kamba za katani, halafu juu kabisa unavalisha nailoni moja nyeupe na nene ili mpira uteleze vizuri. Watoto wa siku hizi wanacheza mpira kwa vidole gumba wakiwa wamelala kwenye kochi, kisha wanasema wamechoka.

Tatizo lilikuwa ile nailoni ya juu. Nyumbani kwetu iliyo nene ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya mama, ya kufunikia makande. Mahindi na maharage yakianza kulainika, mama aliitandaza juu ya sufuria, akaweka mfuniko, akaweka na jiwe, mvuke usipate pa kutokea. Bila nailoni, alisema, makande hayaivi, yanachoka tu. Akimaliza anaiosha na kuianika kwenye kamba pamoja na kanga zake. Pembe moja alikuwa ameifunga uzi mwekundu, maana jirani yetu mama Safari alikuwa na tabia ya kuazima na kusahau.

Siku moja tulikuwa na mechi na watoto wa Singe. Mimi nilikuwa golikipa, msichana pekee kwenye timu. Kaka yangu Faustini aliugeuzageuza mpira akasema hauna ngozi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya mama.

Tuliwafunga Singe manne kwa moja, na lile moja mpaka leo nasema halikuwa goli. Mpira ulirudi umefumuka, tukautupa korongoni nyuma ya nyumba, tulikotupa kila kitu. Mvua ikija, tulijua, itasomba vyote mpaka ziwani, na ziwa litajua lenyewe la kufanya.

Mama alipouliza, nilisema upepo umeichukua.

"Upepo wa hapa una akili sana," akasema. "Umeacha kanga zangu, umechagua nailoni."

Hakuna aliyemfikiria Kidoti, ng'ombe wetu pekee wa maziwa, aliyemlea mdogo wetu Neema tangu alipoachishwa kunyonya. Kidoti alifungwa kando ya korongo. Nailoni iliyofunika makande miaka yote hiyo inanukia chumvi, na ng'ombe kwa chumvi hana aibu. Kesho yake nilimkuta anatafuna, kamba ya katani inaning'inia mdomoni. Ningesema nini, na upepo nilishausingizia?

Baadaye Kidoti akaacha kula, akaacha kucheua, ubavu wa kushoto ukavimba. Baba akaanza kuzungumza na mchinjaji kwa sauti ya chini. Neema analilia maziwa, na mimi nasali rozari nzima mchana kweupe. Nilipomwona mchinjaji anakuja kumwangalia Kidoti, roho iliniuma nikashindwa kuvumilia, nikamwambia baba, labda amekula kitu. Kitu gani? Kitu tu.

Baba akamwita bwana mifugo. Alimfunga Kidoti kwenye nguzo, akamchoma sindano ya ganzi, akapasua ubavu ng'ombe akiwa amesimama, akaingiza mkono mpaka begani. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Ukatoka mfuko wa sukari, ukatoka wa mkate, ukatoka wa mbegu za mahindi. Majirani wakawa wanatambua mali zao, ila mama Safari aliukana wa kwake mbele ya watu wazima. Mwishowe ikatoka nyeupe, nene, ina uzi mwekundu pembeni.

Mama akageuka kunitafuta. "Paulina, njoo upokee upepo wako."

Viboko nilivyopata si habari. Habari ni kwamba Kidoti alishonwa, na siku ya tatu akaanza kucheua. Halafu mama akaiokota ile nailoni, akaisugua kwa sabuni na majivu, akaiinua kwenye jua. "Haijatoboka," akasema. Jumapili tukala makande yaliyofunikwa nayo, matamu ajabu, tukaomba tuongezwe.

Siku hizi mifuko ile imepigwa marufuku, na binti yangu wa sekondari ndiye mwalimu wangu. Ananiambia plastiki haiozi, inasagika tu. Inafika baharini, samaki wanaila, sisi tunawala samaki, na ikipata moto inaachia sumu kwenye chakula. Anayasema hayo akinywa chai ya moto kwenye kikombe cha plastiki, chipsi zake zinatoka jasho ndani ya kimfuko. Namcheka, lakini simbishii. Babati haina bahari, ila korongo tulikuwa nalo.

Mama bado yupo, na siku hizi anafunika makande kwa jani la mgomba huku akilalamika kwamba hayana ladha. Mimi nayakumbuka yale ya zamani, nikakumbuka na Singe na manne yao, natamani turudi hata kwa siku moja. Kisha namkumbuka Kidoti. Yeye aliila ile nailoni mara moja tu, akapasuliwa, ikatolewa. Sisi tuliila kwa mvuke utoto mzima, na hakuna aliyewahi kutuingizia mkono kuangalia. Siku hizi nikivimbiwa kidogo tu, mkono unakwenda wenyewe kwenye ubavu wa kushoto.