Zamu ya Kumwosha Mtoto

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, ameosha maiti hospitalini kwa miaka kumi na tisa. Mtaani wanamwita Mama Baridi, naye hulicheka jina hilo. "Wateja wangu," husema, "ndio watu pekee wasionisengenya."

Kanisani kwetu kila Krismasi mama mmoja huosha sanamu ya Mtoto Yesu, ya mti, urefu wa mkono mmoja, akaivika na kuibeba hadi horini huku watu wakiimba. Zamu hufuata orodha. Shemeji alingoja miaka tisa. Zamu yake ilipofika alikuja kuniuliza, kama msichana wa kipaimara, aanze na mguu upi akipita katikati ya mabenchi.

Siku tatu kabla ya sikukuu kamati ilikutana. Mimi ni katibu.

"Mikono ile ile?" alianza mama mshonaji wa majoho ya kwaya. "Asubuhi maiti, mchana Mtoto? Jamani!"

"Si huvaa glavu?" mzee mmoja alimtetea.

"Harufu haivai glavu, mzee wangu."

Watu wakacheka. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wanne walitaka zamu apewe mwingine, watatu wakakataa. Mkono wa nne ulikuwa wangu. Nilijiambia ninalinda amani ya kanisa.

"Ni shemeji yako," alisema mshonaji. "Kamwambie wewe."

Nilijivuta hadi asubuhi ya mkesha wa Krismasi. Nilimkuta peke yake chumba cha maiti. Juu ya meza ya saruji alilala kichanga wa kiume, aliyezaliwa alfajiri bila pumzi. Shemeji alikuwa amechemsha maji katika birika lake la chai, akayachanganya kwenye beseni na kuyapima joto kwa kiwiko.

"Shemeji, ya bomba si yangetosha?"

"Yamtoshe nani? Mama yake yuko wodini, anataka kumpakata. Akimkuta wa baridi kama jiwe, hilo ndilo atakaloondoka nalo. Hebu shika kichwa hapa, nimsafishe shingo."

Nilishika. Kilienea kiganjani, na kilikuwa kizito kuliko nilivyotazamia. Aliosha nyuma ya masikio, mikunjo ya shingo, katikati ya vidole. Tangu utoto nimehubiriwa kwamba Mungu alitwaa mwili, na nimekuwa nikiitikia amina kama mtu anayeitikia salamu. Sikuwahi kufikiri kwamba mwili wenyewe ulikuwa huu: wenye shingo isiyojishikilia, wenye kuchafuka na kupoa, usioweza lolote bila mikono ya mtu. Na kwamba Yeye alikubali hilo, pande zote mbili, siku ya kuzaliwa na siku ya kuzikwa.

Ndipo nikasema nililotumwa, kichwa cha mtoto kikiwa bado mkononi mwangu.

Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Kamati imesema. Na wewe je, shemeji? Ulinyoosha?"

"Nilinyoosha."

Alimwangalia mtoto, si mimi. "Leta taulo. Maji yanapoa."

Alimfunga, akampakata kifuani na kutoka naye kuelekea wodini. Hakunikaribisha kumfuata. Kutoka koridoni nilisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Ana nywele! Mwone, ana nywele!" kisha kilio ambacho sitajaribu kukieleza.

Kesho yake mshonaji alibeba sanamu, na kwaya iliimba vizuri sana.

Januari nilisimama mbele ya kamati nikasema kura yangu ilikuwa ya dhambi, shemeji arudishiwe zamu. Walikubali wote, upesi, bila mjadala. Nilikwenda kumwambia mlangoni kwake. Aliniletea kiti, akanisikiliza hadi mwisho.

"Wape wengine, shemeji," alisema. "Krismasi ijayo nimeomba niwe kazini."

Krismasi tatu zimeshapita sasa, na kila mwaka ameomba hivyo hivyo.