Mke wa Nantende

Chrispin wa Chiungutwa alikuwa mkulima wa korosho na fundi baiskeli, lakini waumini wengi kuanzia Masasi hadi Newala walimjua kwa jina lisilo lake. Akipita sokoni Lisekese watoto walimwita Nantende, halafu wakatimua mbio. Naye alikunja uso, akawafukuza hatua mbili tatu, kisha akarudi kuchagua dagaa.

Nantende alikuwa kichaa katika mchezo wa kuigiza wa kanisa lao. Anachoma nyumba za watu, anakata mikorosho ya jirani ikiwa na maua, halafu anakaa chini na kucheka peke yake. Ana mke asiye na jina, ambaye humfuata kila aendako na mzigo kichwani. Mke huyo aliigizwa na Isabela, aliyekuwa mke wa Chrispin hata nyumbani, mama wa mtoto wao Marko. Waliucheza mchezo huo miaka kumi na saba.

Mwaka wa kwanza walifanya kosa. Chrispin alitaka uso wa kutisha, na rangi hawakuwa nayo. Nyumbani kulikuwa na mfuko wa salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, akajipaka huo. Mchezo ukafika pale ambapo wanakijiji wanamkimbiza Nantende naye anamtelekeza mkewe. Jasho likamtoka, salfa ikamwingia machoni. Alikimbia kidogo, akasimama, akarudi akipapasa hewani mpaka akampata Isabela na kumshika mkono. Akina mama wengine walilia. Isabela alimwongoza hadi nje, akammwagia maji ndoo nzima, huku akimlalamikia kwa Kimakonde maneno ambayo padre alijifanya hakuyasikia.

Salfa waliiacha, wakatumia masizi ya chungu. Lakini kule kurudi kulibaki ndani ya mchezo, na ubishi ukaanza. Nantende anampenda yule mwanamke, au anataka macho yake tu yamwonyeshe njia?

"Hampendi," Chrispin alisema kila alipoulizwa. "Mtu yule hajui hata yeye mwenyewe ni nani, atampenda nani?"

"Basi anarudia nini?" Isabela alimuuliza siku moja wakiokota korosho.

"Haoni njia, Mama Marko. Wewe si ndiye uliyenimwagia maji? Unajua vizuri kuliko wote."

Alicheka, na Isabela akacheka naye. Hata hivyo, jibu lile hakulipenda.

Kisha Chrispin akaumwa. Hospitali walisema ni uvimbe ndani ya kichwa, umefika pabaya. Kwa miezi minane alikuwa nyumbani, na kila mwezi alizidi kuwa mtu mwingine. Alimrushia Marko spana. Alivunja sahani, akararua shuka, akamwita Isabela mwizi mbele ya wageni waliokuja kumwombea. Jina la mkewe alilisahau kabisa. Kitu kimoja tu hakikubadilika: akipewa uji, hakunywa kabla ya kumsogezea Isabela kikombe. Isabela akinywa funda moja, naye alikunywa. Kila siku, asubuhi na jioni, mpaka Mungu alipomchukua mwezi Machi.

Agosti mwaka huohuo kikundi cha maigizo kilikutana kanisani baada ya ibada, kupanga mchezo wa sikukuu ya mavuno. Mwalimu Dickson wa shule ya msingi alikubali kuwa Nantende. Katekista Barnaba, msimamizi wao, alikuja na daftari.

"Shikamoo, Katekista," Isabela alisema.

"Marahaba, Mama Marko. Pole tena. Nimefikiria ule mwisho. Safari hii Nantende asirudi. Akimbie zake, na mke atubu na kumwacha. Somo litaeleweka."

"Lilikuwa halieleweki?"

"Watu wanatoka hapa wakimwonea huruma mchoma nyumba. Upendo unatoka kwa Mungu, mama. Kichaa mwovu kama yule ataupata wapi? Ana uhitaji tu, basi. Hata mbuzi anarudi kwa anayemlisha."

Mwalimu Dickson alicheka, halafu akamwangalia Isabela, akaacha.

Isabela alijua hakusema kwa ubaya. Barnaba alikuwa mtu mwema, alikesha nao msibani siku tatu, na alikuwa akizungumzia mchezo. Lakini kama kichaa hawezi kupenda, basi kwa miezi minane Isabela alikuwa amemuuguza mtu ambaye ndani yake hakumo Chrispin hata chembe, na mumewe alikuwa amemwacha zamani bila kumuaga.

"Baba Marko alikuwa ananipa uji kwanza," alisema. "Umeshawahi kuona, Katekista. Hanijui jina, lakini hanywi mpaka ninywe."

Barnaba aliinamisha kichwa. Alipoinua, alisema kwa upole, "Nisamehe, mama. Wagonjwa wa namna ile huogopa sumu. Labda alitaka uonje."

Mwalimu Dickson alikohoa.

"Hilo nimeliwaza," Isabela alisema. "Nimeliwaza hata kabla hajafa. Aliyeniita mwizi angeshindwa nini kudhani namtilia sumu? Nimemwomba Mungu aniambie kikombe kile kilikuwa cha nini. Hajaniambia."

"Sasa?"

"Sasa wewe usiwaambie watu kitu ambacho Mungu hajakisema. Nantende kachoma nyumba, afungwe. Afungwe kamba mbele ya kanisa zima, mimi sikatai. Lakini kufungwa ni kwa sababu ya nyumba. Moyoni mwake hatujaingia, si wewe wala mimi."

"Na mke je?"

"Mke anabaki. Yeye hasubiri kujua."

Barnaba alichukua kalamu. Alikata mistari miwili, akaandika mmoja. "Atarudi," alisema. "Na atafungwa."

"Mama Marko," Mwalimu Dickson akauliza, "mimi nikirudi, nirudi kwa upendo au kwa kutoona?"

"Wewe rudi tu, mwalimu. Baba Marko mwenyewe alisema Nantende hampendi mke, na akarudi miaka kumi na saba."

Siku ya mavuno kanisa lilijaa hadi nje. Nantende alirudi, akakamatwa, akafungwa kamba na kupelekwa kwa wazee. Mkewe alijitwika mzigo wake akawafuata nyuma. Barnaba alisimama, akasoma zaburi, hakuongeza mahubiri.

Wakati wa chakula, akina mama wawili kutoka Mnyambe walianza kubishana kama yule kichaa alimpenda mkewe ama la. Isabela alikuwa karibu nao, akipakua wali, na aliwasikia wote wawili. Aliwaacha wabishane.