Ukuta wa Chumba cha Dada

Juzi mafundi wa bomba walichimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Temeke, wakatupa pembeni udongo mwekundu, mbichi. Nikachukua tonge moja nikaanza kulifinyanga. Mjukuu wangu akanikuta nimechafuka mpaka kwenye viwiko, akaniuliza kama naumwa. Siumwi, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi utotoni, kwa bibi.

Ni mambo ya enzi za Mwingereza hayo. Temeke yetu ilikuwa minazi, mihogo na nyumba za udongo: unasimamisha miti, unafunga fito, unajaza udongo, juu unaezeka makuti. Bibi hakuwa na mzaha na udongo wake. Aliufinya kiganjani, na akiuona una mchanga mwingi anautupa. Mchana wa jua kali ndani mwake kulikuwa na ubaridi wa kulala, na sakafu ikinyunyizwa maji ilinukia vizuri mpaka leo naikumbuka.

Balaa alituletea mjomba, kuli wa bandarini, mtu mwema ila mpenda sifa. Dada yangu alikuwa ameposwa na watu wa Kariakoo wenye nyumba ya mawe na bati, na mjomba akawa hali wala halali, anawaza wakwe watatuonaje. Bibi ndiyo kwanza alikuwa amekandika upya ukuta wa mbele, wa chumba alichowekwa dada. Mjomba akaja na saruji. Bibi akamwambia udongo haujakauka, asubiri. Hakusubiri. Akapiga lipu, akapaka chokaa, ukuta ukang'aa, na mie nikawaringia watoto wa jirani kwamba sisi si watu wa udongo tena.

Zikiwa zimebaki siku mbili kufika harusi, mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Tunakunywa uji, tukasikia kishindo. Lipu ilikuwa imeanguka na udongo wake wote, zimebaki fito tupu. Na mwali wetu, asiyetakiwa kuonwa na mwanamume hadi siku ya harusi, amekaa kitandani anatazamana na barabara. Bibi alitundika kanga upesi, lakini dada alilia sana. Asiye na ukuta atatolewaje? Harusi ingeahirishwa, na maneno ya watu wa Temeke unayajua.

Majirani hawakungoja kuitwa. Wanaume walichimba, wanawake walichota maji, wakakanyaga udongo huku wakiimba, na uani ubwabwa wa nazi ukatokota. Mjomba alibebeshwa maji siku nzima, na bibi hakumwonea huruma. Kabla ya adhuhuri akatokea bwana harusi mwenyewe, amekunja suruali. Bibi akamzuia.

"Huku kuna mwali, mwanangu."

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukandika, sikuja kutazama."

Bibi akamwangalia weee, kisha akampisha.

Sasa, ukuta wa udongo haukandikwi na mtu wa upande mmoja. Wa nje anasukuma, wa ndani naye anasukuma, mpaka udongo ukutane katikati ya fito. Ndani tulikuwa watatu: bibi mwenye mgongo mbovu, mie mwenye viganja vya kitoto, na dada. Akafuta machozi, akajifunga kibwebwe, akaanza kazi. Kanga tuliipandisha kidogo kidogo, kadiri ukuta ulivyopanda, kwa hiyo nyuso hazikuonana. Mikono ndiyo iliyoonana. Mara bibi akakumbuka kufuata maji, na ndoo zimejaa. Dada akawa anacheka kimyakimya, na mie nilifurahi kuliko siku ya Idi.

Magharibi ukuta ulikuwa umesimama, na harusi ikawa siku yake. Mama mkwe alipoingia aliugusa ukuta mbichi kwa kiganja, akauliza udongo huo tumeutoa wapi. Mjomba alijibu yeye, tena kwa majivuno.

Shemeji alizoea kusema alimjua mkewe kwa mikono kabla ya uso. Wote wawili wamekwisha kwenda, na pale kwa bibi pana ghorofa. Mie naishi katika nyumba ya tofali za saruji, na sidanganyi, sitamani mchwa wala kukandika kila mwaka. Lakini ukuta huu fundi aliujenga peke yake kwa siku tatu, nimekaa kwenye kiti namtazama. Upande wa ndani hapakuwa na mtu.