Meno ya Mugisha

Nilipokuwa mtoto kule Rugu, nilijua jambo ambalo madaktari hawakulijua: mtoto mwenye meno ya plastiki akichomwa sindano, hafiki kesho. Nyumbani tuliyaita ebiino, meno mabaya yaliyosemekana kujificha ndani ya fizi za mtoto mchanga na kumletea homa na kuhara hadi yang'olewe. Aliyetufundisha ni Bibi, mama yake baba, na neno la Bibi halikuwa na rufaa.

Mdogo wangu Mugisha alikuwa hajaanza hata kukaa alipopatwa na homa na kuhara. Wiki hiyohiyo watu wa kujitolea walikuwa wameleta kliniki ya muda, mahema yao wameyasimamisha kwenye uwanja wa shule. Mama akamfunga mtoto mgongoni.

"Unampeleka wapi?" Bibi akamuuliza.

"Kwenye mahema, mama. Mtoto amelegea."

"Hizo fizi huoni zilivyovimba? Hayo ni ebiino. Wakimchoma sindano, usije ukanililia."

Mama akamfungua mtoto. Nikikumbuka hapo, nakasirika upya. Mkamwana hakuwa na sauti katika nyumba ile, na baba, ambaye sauti alikuwa nayo, aliendelea kuchezea redio yake.

Akaitwa jirani mmoja, fundi wa kung'oa ebiino, na spoki yake ya baiskeli iliyonolewa. Alimchimba mtoto fizi, akatoa vitu vyeupe, vidogo, laini, akatuonyesha kiganjani. "Mnaona? Ndiyo haya yalikuwa yanamla." Leo najua yalikuwa meno yake ya kweli, ambayo hayajaota, ambayo angekuja kutafunia ndizi kama sisi wengine.

Kuhara hakukukoma, na sasa mdomo ulivuja damu na kunyonya hawezi. Alipoanza kugeuza macho ndipo Bibi akakubali apelekwe. Nesi aliuona ule mdomo, akamfokea Mama mbele ya foleni nzima: "Mnawaua wenyewe, halafu mnatuletea sisi maiti!" Akamtundikia dripu. Mugisha alikufa sindano ikiwa bado mkononi.

"Niliwaambia," Bibi akasema. Alianza kwa kusema hilo, kulia kukafuata baadaye. Na kijiji kizima kilikuwa kimeona kwa macho yake: sindano imeingia, mtoto amekufa. Kesho yake akina mama hawakuja tena na watoto wao, mahema yakakunjwa, na mimi kwa miaka mingi nikawa natoroka shule kila nikisikia wachanjaji wanakuja.

Sasa mimi ni tabibu. Mwezi uliopita nilijitolea kwenye kliniki ya namna ileile huko Kibingo, Kyerwa. Akaja binti mmoja na mama mkwe wake, mtoto amefunikwa khanga hadi puani. Nilipofunua nikakuta fizi zimechimbwa. Nilitaka kupiga ukelele ambao ungefika Rugu. Nikauma ulimi, maana kufoka kwa yule nesi hakukumsaidia Mugisha hata kidogo, kulimsaidia Bibi: kuliwafanya akina mama wazidi kuiogopa kliniki. Nikaweka dripu, na wakati inashuka nikamweleza binti yule kwa Kinyambo, taratibu, ni kitu gani hasa kimechimbwa mdomoni mwa mwanawe.

Mtoto akapona. Tulipokuwa tunafungasha vitu, alikuwa ananyonya na kurusha miguu. Nikamsikia mama mkwe akiwasimulia wenzake pale nje.

"Tuliwahi kuyang'oa. Ndiyo maana sindano haikumdhuru."

Wakaitikia kwa vichwa, wote.

Nikaendelea kufunga masanduku kwa hasira. Akifa, sindano imemuua. Akipona, spoki imemponya. Miaka yote nilidhani Bibi alishinda kwa sababu mtoto alifariki, kumbe angeshinda tu. Sisi tunakuja siku chache, tunatibu, tunaondoka, na kueleza nini kimetokea tunamwachia anayebaki.

Yule binti hakuitikia kwa kichwa. Alinitazama, akamtazama mkwewe, akamfunga mtoto mgongoni. Bado ana umri wa kuzaa wengine, na mahema yetu yalikuwa yameshapakiwa kwenye gari.