Mama Yangu kwa Mgongo ya Mwalimu

Ile asubuhi mama yangu alikuwa anakaanga simsim. Mimi niko kwa mkeka nanyonyesha Rukia, mtoto yangu ya kwanza, wiki tatu tu, na bwana yangu iko nyuma ya muhogo anakohoa.

Lazima nieleze hii kikohozi, kama sivyo hamtaelewa kitu. Bwana yangu hakuwa mgonjwa. Alikuwa mwalimu ya darasa ya tatu, Mlugbara ya Aroi, mrefu, miguu kama ya korongo. Mimi ni Mkakwa ya Koboko, Mwislamu, nilisoma darasa moja na nusu, hata ile nusu nilitoroka. Vile alinioa, hiyo ni hadithi ingine, tamu sana! Lakini kwetu na kwao, hapa tunafanana: mwanaume na mama ya bibi yake hawaangaliani. Hawaongei. Hawali pamoja. Akimwona kwa njia, anaingia kwa nyasi. Si chuki, hapana. Hiyo ndio heshima yenyewe.

Sasa mimi nimezaa, na mama amekuja kunikanda na maji ya moto na kunipikia uji. Nyumba yetu ya shule, huku barabara ya Oraba, ilikuwa chumba moja tu. Mwalimu akahama. Alikuwa analala darasani juu ya madawati, na akitaka shati, anasimama nyuma ya muhogo, anakohoa. Mama anavuta lesu kwa uso, anageukia ukuta. Mwalimu anaingia mbio, daftari mbele ya macho, anagonga mlango, anagonga sufuria, anatoka na shati. Watoto ya shule walishika hiyo kikohozi. Akigeuka tu kuandika kwa ubao, darasa yote inakohoa! Wallahi nilicheka mpaka tumbo ikauma, na hiyo tumbo bado haijapona kuzaa.

"Ambia yule ya muhogo, uji yake iko kwa jiwe," mama ananiambia.

"Ambia mama, asante," Mwalimu anajibu huko kwa majani.

Wako hatua kumi tu! Wanasikiana vizuri sana. Lakini bila mimi hakuna neno inapita. Mimi ndio nilikuwa posta.

Serikali ya watu ya kwetu ilikuwa imeanguka kitambo, na askari ya serikali mpya walikuwa wanalipiza. Ndugu zangu mbili walikuwa askari, walirudi nyumbani, wakazika nguo za jeshi nyuma ya choo, halafu wakapotea porini. Sisi tulisema, Mwalimu hana bunduki, iko na chaki, nani atamtafuta? Hivyo tulikaa.

Ile asubuhi ya simsim, barabara ikajaa. Watu wanatoka upande ya Arua, na godoro, na kuku, na wazee kwa baiskeli. Mwanamke moja akasimama kwa mlango yetu, miguu yote vumbi.

"Nyinyi mnakaanga simsim?" akasema. "Askari wako nyuma yangu. Wanachoma kila nyumba. Hawaulizi jina."

Mwalimu akatoka kwa muhogo bila kukohoa. Hapo ndio niliogopa.

Tulienda na vile tuko. Mama mbele na sufuria ya simsim kwa kichwa, hakukubali kuiacha. Mimi katikati na Rukia. Mwalimu nyuma kabisa, hatua mia moja, anaangalia chini asione miguu ya mama. Nikapiga kelele, "Karibia! Watakupiga risasi huko peke yako!" Akasema, "Mama iko anatembea pole, nikikaribia nitamkuta." Mama akasikia. Akasema, "Ambia yeye, mimi sitembei pole." Akaanza kukimbia, na sufuria yake!

Njia kubwa ya daraja ilikuwa na askari, watu wakatuambia tushuke kwa mto ya mpaka, ng'ambo ni Sudan, kwa njia ya mashamba.

Tulikuwa ndani ya mtama wakati bunduki ililia.

Mwalimu akatukimbilia kutoka nyuma, tukajitupa chini. Nikaweka titi kwa mdomo ya Rukia.

Viatu vilipita. Karibu. Nilihesabu jozi nne, halafu nikaacha kuhesabu.

Mmoja alikuwa anakula muwa. Nilisikia anatema.

Walienda. Nikainua kichwa, na nikaona Mwalimu na mama wameanguka shimo moja, uso kwa uso, kama watoto mapacha. Mama amefunga macho kabisa kabisa. Mwalimu amejaza mdomo na udongo. Kifua yake ilikuwa inataka kukohoa, kwa sababu ya heshima tu, na angekohoa tungekufa wote. Alikula udongo ndio asikohoe. Mpaka leo nikikumbuka ninacheka, halafu ninaacha.

Tukafika mtoni. Ilikuwa majira ya mvua, maji nyekundu, inapita na matawi. Watu wamevuka tayari, wa mwisho wanapanda ukingo ya Sudan. Mwalimu akajaribu maji na fimbo: kwake itafika kifua. Kwangu, kidevu. Mama alikuwa mfupi kuliko mimi.

"Ambia mama nitambeba," Mwalimu akasema.

Mama akaweka sufuria chini, akakaa. "Mwanaume aliyeoa mtoto yangu aweke miguu yangu kwa kiuno yake? Nyinyi endeni. Mimi nimeishi."

"Mama, tafadhali!"

"Afadhali nikufe na heshima."

Na bunduki inalia tena, juu kwa mtama. Nikalia. Nikamwambia, ukikaa nitakaa, na Rukia atakaa. Ni Mwalimu alijibu. Aligeuka mgongo, akapiga magoti kwa matope.

"Ambia mama, hapa hakuna mkwe. Hapa iko mtumbwi."

Mama akaangalia huo mgongo. Halafu akasema, "Ambia mtumbwi isikohoe."

Akatoa lesu yake, akafunga macho ya Mwalimu mara mbili, akakaza fundo, ndio akapanda. Sasa ona hiyo maneno! Mwanaume hana macho, kwa mgongo iko na mkwe, kwa mbele iko na mto. Mimi nikaingia mbele nikiwa nimeinua Rukia na mikono mbili, naita, "Kushoto kidogo! Simama! Kuja!" Tukaenda hivyo, pole pole.

Katikati maji ikafika mdomo yangu.

Nikashindwa kuita. Nikasimama kwa vidole, Rukia juu.

Mwalimu akasimama pia. Mguu yake ikateleza. Nikaona bega yake inaingia.

Halafu nikasikia mama.

"Kulia, mtoto yangu! Mguu ya kulia. Jiwe iko. Panda. Panda, mtoto yangu, usiogope."

Hakusema "ambia." Alimwambia yeye mwenyewe, kwa sikio. Na Mwalimu akapanda lile jiwe, akanishika nywele, akanivuta na mimi, tukatoka wote kwa Sudan tunatapika maji. Rukia alikuwa amelala! Sasa iko na wajukuu, na bado analala hivyo.

Kwa ukingo mama alifungua lesu kwa macho ya Mwalimu, akaweka kwa kichwa yake mwenyewe, akageukia mti. Mwalimu akatafuta kichaka. Kesho yake alikohoa nyuma ya nyasi kwa kambi ya wakimbizi, na mama akaniambia, "Ambia yule ya nyasi, maharagwe iko tayari." Tulikaa huko miaka. Mwalimu alifundisha na makaa juu ya mbao ya sanduku. Mama alichekesha kambi yote na hadithi ya mtumbwi, lakini jina ya mtumbwi hakutaja.

Mvua ya tatu huko, homa ikamchukua mama. Ndugu yangu moja alirudi kutoka porini, ya pili hatujui mpaka leo. Shule ilichomwa. Hiyo yote nimepima, na nimeweka chini. Vita ilichukua, si mimi.

Lakini siku ya kuzika mama, Mwalimu alitaka kusaidia kubeba. Wazee walikuwa hapo, na mimi niliona haya. Nikamwambia, wewe ni mkwe, simama mbali. Akaenda kusimama mbali, kwa jua, peke yake, mpaka udongo ikaisha. Tuliporudi Uganda tuliacha kaburi, na tulipoenda kuitafuta, watu wamelima.

Wazee hawakumkataza. Hawakusema kitu. Ni mimi nilimwambia.