Sauti Yangu na Kopo la Maman Nzigire

Kuna watu pale soko la Nyawera, hapa Bukavu, ambao mpaka leo wakiniona wanashika koo, wanakohoa kidogo, kisha wanaangalia pembeni kama hawajafanya kitu, na mimi siwezi kuwakasirikia kwa sababu walikuwepo, waliona, na aibu ile niliinunua mwenyewe bila kupunguziwa chochote. Tena mimi, Papa Amani, mnunuzi wa shirika letu la misaada, mtu ambaye akipewa mayai anayahesabu, akimaliza anayahesabu tena, kwa kuwa mara ya kwanza ilikuwa salamu tu.

Mkasa wenyewe haukuanzia sokoni. Tangu vita ifanye ndege ziache kutua uwanja wa Kavumu kazi yetu ilikuwa imekuwa ngumu: mizigo inakwama njiani, benki zimefunga, wenzetu wengine wamehama na familia zao, na kila asubuhi nikishuka kutoka mtaa wetu wa Kasha nilifika ofisini tumbo limekazwa kama kamba ya mzigo. Sikumwambia mtu. Kila mtu alikuwa na kamba yake.

Jumatatu moja mkubwa wetu, ambaye sote tunamwita Maman Chef (mwanamke mpole, lakini macho yake hayasahau), akanisimamisha mlangoni.

"Papa Amani, Alhamisi wafadhili wanakuja. Ni wewe utawaeleza service ya manunuzi, hiki kitengo chenu. Wakielewa, tunaendelea. Wasipoelewa, wataifunga, na wewe, Riziki na Papa Déo mutabakia nyumbani."

Riziki ni msaidizi wangu, wakati ule alikuwa na mtoto mchanga. Papa Déo ni dereva wetu, mtu wa maombi. Watu watatu, vyungu vitatu. Nilihesabu mara mbili, havikupungua.

Sasa mimi sokoni naweza kubishana mpaka muuzaji aombe maji ya kunywa, lakini niweke mbele ya meza ndefu yenye watu wanaoshika kalamu, ulimi unageuka kiatu. Na nina tabia moja mbaya: nikiona naweza kuanguka mbele ya watu, najilaza chini mapema, ili isionekane kwamba nimeanguka. Nilitaka kujibu "Sawa, Chef," koo likakwama, ikatoka sauti ya mlango mkavu. Akashtuka.

"Eh! Sauti yako iko na nini?"

Hapo ningemeza mate nikajibu, na leo msingekuwa na cha kucheka. Badala yake nikashika koo, nikatikisa kichwa polepole, nikanong'ona: "Imekatika."

Neno moja tu. Nikajiona nimepata bei nzuri ajabu, natoa sauti ya siku chache, naepuka aibu nzima (mtu wa soko kama mimi, kununua kitu bila kukigeuza kuangalia chini yake!).

Kumbe kukosa sauti ni kazi ya kutwa. Riziki aliniletea chai ya tangawizi na pilipili, akasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza, machozi yakanitoka, akasema, "Ona, inaanza kufanya kazi." Jumanne nilipita sokoni nikinong'ona, na nyumbani nilimnong'oneza hata mke wangu, kwa kuwa dada yake anaimba kwaya moja na Papa Déo, na Bukavu ninyi mnaijua, neno halilali. Jumatano, kwenye maombi ya asubuhi ofisini, Papa Déo akaniweka katikati, akanishika koo kwa mikono yote miwili inayonuka mazuti ya gari, akapaaza sauti: "Baba, mufungue! Mufungue mutumishi wako!" Nikafumba macho, nikasikia mtu analia. Alikuwa Maman Chef. "Ni mimi nimekuchokesha na kazi, papa," akasema. "Unisamehe."

Siwezi kuwaeleza jinsi maneno yale yalivyonichoma. Nilitaka kusema ukweli palepale, lakini mtu asiye na sauti hawezi kuungama, lazima kwanza apone, na mimi ugonjwa sikuwa nao wa kupona.

Kazi ya kueleza akapewa Riziki. Mchana ule alikaa pembeni yangu, akaniuliza mambo ambayo nayajua kwa mikono, si kwa maneno, nikanong'ona hiki na kile, mwishowe akafunika uso, akaniita mjomba kama kawaida yake. "Tonton, mimi nitasema nini mbele yao? Nikiharibu, ndo tumeisha wote." Alilia kimyakimya. Nikampigapiga begani, nikanyamaza. Nilikuwa na kisingizio kizuri cha kunyamaza.

Alhamisi wageni wakafika, mama mmoja na bwana mmoja, na kabla hata ya kukaa wakaomba waone kwanza mahali tunaponunulia. Tukaenda Nyawera sote, kwa maharagwe ya Maman Nzigire, ambaye ananijua na mdomo wake unatosha soko zima. Riziki akatangulia. Akauliza bei, akakubali ileile ya kwanza (ya kwanza!), akasema, "Sawa, maman, pima."

Nikaangalia kopo lake la kupimia. Likaonekana fupi kwa ndani. Mnajua yale makopo yaliyogongwa chini mpaka yakaingia tumboni, unalipa maharagwe unabeba hewa. Nikameza mate. Likamwagwa la kwanza, nikameza tena, nikamkonyeza Riziki, hakuona, nikakohoa, akanionea huruma. Likainuliwa kopo jingine, na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukafunguka:

"Maman Nzigire! Geuza kopo! Geuza hiyo kopo tuone chini!"

Sauti ilitoka safi, imepumzika vizuri. Wabeba mizigo wakasimama, wa pikipiki wakageuza vichwa. Na Papa Déo akaangusha mfuko uliokuwa mikononi mwake.

"Haleluya! Amefunguliwa! Mungu iko mukubwa!"

Vigelegele vikapigwa, akina mama wawili wakaanza wimbo, mgeni yule bwana akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Maman Chef alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu: niinue mikono, niseme Amina, nirudi Kasha na muujiza. Nawaambia ukweli, niliufikiria.

Lakini Maman Nzigire hakuwa mtu wa kutukanwa kopo lake akanyamaza.

"Ngojeni kwanza na haleluya yenu." Akaligeuza, akaliinua juu watu wote waone. Chini palikuwa sawasawa kama meza. "Umeona? Kopo yangu haina shida. Sasa geuka na wewe, papa, tuone chini yako! Juzi ulipita hapa unanong'ona kama mugonjwa wa kitanda. Koo ya mugonjwa inapiga kelele hivi?"

Soko likacheka. Riziki hakucheka.

"Tonton," akasema taratibu, "jana uliniona nikilia."

Wimbo ulikuwa umeshakufa. Nikamgeukia Maman Chef, nikasema kwa sauti ile ile niliyoificha: "Chef, haikukatika. Niliogopa."

Alinitazama mpaka nikatamani Papa Déo anirudishie mikono yake kooni.

"Na mimi naogopa," akasema. "Kila siku naogopa, papa. Ungeniambia tu." Kisha akafuta uso. "Sasa ongea. Hapahapa."

Basi nikawaeleza wageni service yetu nikiwa nimesimama kati ya mifuko ya maharagwe, Kifaransa changu kinachechemea, Riziki ananisahihisha, na Maman Nzigire anachomekea yake ambayo hakuna aliyemwomba.

Service haikufungwa. Lakini uongozi wake ulitoka kwangu akapewa Riziki, na Maman Chef hakunificha sababu: "Riziki aliogopa, akakuja. Wewe uliogopa, ukajificha." Sikubisha bei. Siku moja ndani ya gari Papa Déo, akiangalia mbele, akasema: "Maombi yangu yalifika, papa. Ni wewe haukukuwa mugonjwa."

Kazi haijawa nyepesi na kamba bado inakaza asubuhi. Lakini niliapa kwamba sauti yangu sitaiuza tena kwa woga, na nikisikia ule mlango mkavu kooni naenda moja kwa moja kwa Riziki, nasema kwa nguvu hata wa chumba cha pili wasikie: "Chef, leo naogopa." Naye anajibu, "Kaa basi, tuanze na hiyo."

Na Maman Nzigire? Kila akiniona natokea, kabla hata sijamsalimia, anageuza kopo, analiinua juu, ananitazama, anangoja. Na najua si kopo anataka tuangalie.