Mwale wa Kaboni

Mwanangu, ipo siku moja ya likizo ambayo siisahau. Nilifika nyumbani Handeni kutoka chuoni na karatasi moja mfukoni, nikijiona nimeshinda.

Baba alikuwa zizini, anakata masikio ya ndama alama ya ukoo wetu. Nikamshikia ndama kichwa huku nikimweleza kazi yangu. Kuna chembe zinatujia kwa kasi kubwa kutoka mbali angani, na ni vigumu kujua zimeanzia wapi, kwa sababu nguvu za sumaku za huko juu huzipinda njiani. Lakini zikigonga kaboni iliyomo kwenye wingu la gesi huko angani, kaboni hutoa mwale wa gama, mwanga usioonekana kwa macho, wenye nguvu ileile siku zote, nao huja moja kwa moja bila kupindwa. Ukiuona, umejua chembe zimejaa wapi. Katika mchoro wangu, ule wa mfukoni, uliotokana na chombo cha kupimia mionzi kilichorushwa juu kabisa, mwale huo ulisimama kama kichuguu uwandani. Mwalimu wangu alikuwa anaisubiri ripoti, na nafasi yangu ya masomo ya juu ilining'inia hapo.

Baba akafuta kisu. "Alama hiyo umeikuta kwenye wingu."

"Ndiyo, baba."

"Na pasipo na wingu?"

"Sikutazama. Nitafute nini mahali patupu?"

Akacheka. "Si wewe uliyeswaga ndama wa jirani kutoka lamboni walikonywea maji, eti sikio lake kama la wetu? Hukumgeuza uone la pili."

Nilinuna siku mbili, nakiri. Niliporudi chuoni nikapima anga tupu. Kichuguu kilekile kilikuwapo. Chembe zilikuwa zinagonga kaboni ya plastiki ndani ya chombo chetu wenyewe.

Nikaenda kwa mwalimu, nikamweleza yote. Akasema, "Andika hivyo hivyo ulivyoniambia. Nitakusimamia katika masomo yako ya juu."

Sasa nimestaafu kufundisha fizikia hapa Korogwe, na mwale ule wa mawinguni bado unatafutwa. Vyombo vya leo vinaona vizuri kuliko chetu; huenda ukauona wewe.

Basi ukikipata unachokitamani, kakitafute kwanza mahali kisipopaswa kuwapo. Ukikosea, sema mapema, kwa mdomo wako. Mungu akupe subira ndefu, akuzungushie watu wasioogopa kukuuliza, na siku utakayokiona kweli, uamke asubuhi ukiwa na amani.